Wachungaji Waliotoa Vitabu

Kama mna Biblia karibu, tafadhali wekeni alama penye kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34, mahali Mungu anapowakemea wachungaji wa Israeli waliojilisha wenyewe na kuwaacha kondoo watawanyike milimani. Tutaifikia sura hiyo, lakini si sasa hivi. Leo twataka kwanza kusimulia habari za kale za kanisa la Afrika, Afrika ya kaskazini, katika nchi ambazo sasa zaitwa Tunisia na Algeria. Katika vyuo vya theolojia habari hizi hufundishwa kwa majina na tarehe, na mtihani ukiisha zinasahauliwa. Ni hasara, kwa maana zinahusu jambo ambalo Wakristo wetu wanauliza kila siku: mchungaji asipokuwa mwaminifu, kundi lifanye nini?

Mwezi wa Februari mwaka 303, Kaisari Diocletian alitoa amri juu ya Wakristo katika dola ya Kirumi. Makanisa yabomolewe, Maandiko Matakatifu yachomwe moto, na Wakristo wenye vyeo wavuliwe vyeo vyao. Iangalieni amri hiyo vizuri. Haikuanza kwa kutafuta watu wa kuuawa. Ilianza kwa kutafuta vitabu. Siku hizo hapakuwa na mitambo ya kupiga chapa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kanisa zima liliweza kuwa na vichache tu. Ukivichoma vile, umewanyima watu Neno la Mungu. Na waliokabidhiwa ulinzi wa vitabu hivyo walikuwa ni maaskofu, makasisi, mashemasi na wasomaji wa kanisa. Kwa hiyo amri ile ilibisha hodi mlangoni pa viongozi kabla ya kufika kwa mtu mwingine.

Katika mji wa Cirta, ambao leo ni mji wa Constantine nchini Algeria, tunajua yaliyotokea tarehe 19 Mei mwaka ule, tena twayajua neno kwa neno, kwa sababu karani wa serikali aliyaandika. Afisa mkuu wa mji, jina lake Munatius Felix, alifika kwenye nyumba ambamo Wakristo walikuwa wakikutana. Akamwagiza Askofu Paulus atoe Maandiko na kila kitu walicho nacho. Karani ameandika kwamba askofu alikuwa ameketi, na makasisi wake wameketi pamoja naye, na mashemasi wamesimama. Askofu akajibu kwamba Maandiko yako kwa wasomaji, ila vilivyomo humu ndani watavitoa.

Basi vikatolewa, na karani akahesabu. Vikombe vya dhahabu 2, vikombe vya fedha 6, mabirika ya fedha 6, taa za fedha 7, na vyombo vingine vya shaba. Kisha akahesabu nguo: kanzu za wanawake 82, shela 38, kanzu za wanaume 16, viatu vya wanaume jozi 13, viatu vya wanawake jozi 47.

Ndugu, tusiipite orodha hii haraka. Kanisa lina vikombe vinane, lakini kanzu za wanawake ni 82. Kwa nini wanawake wengi kuliko wanaume? Bila shaka hizo zilikuwa nguo za kugawia wajane na maskini. Hapo twaona kanisa lililofanya kazi yake. Watu wa Cirta hawakuwa Wakristo wa jina tu. Ndiyo maana aibu ya siku ile ni kubwa, kwa kuwa askofu aliyekuwa akitunza hazina ya wajane aliketi kitini akaitazama ikitoka nje, asiseme neno.

Wakaingia chumba cha vitabu, wakakuta makabati matupu. Shemasi mdogo mmoja, Silvanus, akisaidiana na mwenzake, akaleta kijisanduku cha fedha na taa ya fedha, akasema amevikuta nyuma ya mtungi. Mtu mmoja aliyesimama pale akamwambia kwamba asingaliviona, angalikuwa maiti. Likumbukeni jina hilo la Silvanus, maana tutakutana naye tena. Mwingine akaleta kitabu kimoja, kikubwa sana. Afisa akauliza, mbona kimoja tu? Wataje wasomaji. Hapo wawili kati ya wale wadogo, Catulinus na Marcuclius, wakakataa. Walisema wao si wasaliti. Kama ni kuuawa, na wauawe. Wakakamatwa. Lakini wengine wakawaongoza askari nyumba kwa nyumba, na kila msomaji akatoa alivyo navyo: huyu vinne, huyu vitano, huyu vinane. Nyumba ya mwisho mwenyewe hakuwepo. Mkewe akatoa vitabu sita.

Ndivyo ilivyokuwa Cirta, na Cirta haikuwa peke yake. Watu wa namna hiyo wakapewa jina la Kilatini lenye maana ya watu waliotoa kitu mikononi mwa wengine, na neno hilo ndilo hilo lililotumika kwa tendo la Yuda alipomtoa Bwana wake. Sisi tutawaita watoa vitabu.

Lakini wako waliokataa. Katika mji mdogo wa Thibiuca, karibu na Carthage, askofu aliitwa Felix. Alipotakiwa vitabu hakudanganya kwamba hana. Alisema anavyo, wala hatavitoa. Wakampa siku za kufikiri, akarudi na jibu lile lile. Wakampeleka Carthage kwa liwali Anulinus, akauawa kwa upanga, akiwa na umri wa miaka 56. Wengine wa wakati ule waliona ni afadhali kuwapa askari vitabu visivyo Maandiko, na Mensurius, askofu wa Carthage, alijieleza kwamba yeye aliwaachia maandishi ya wazushi, wakayachukua wakidhani ndiyo yenyewe. Kama huo ni werevu au ni woga, watu walibishana sana. Felix hakuacha nafasi ya kubishana.

Tena sikilizeni habari za Abitinae, mji mwingine wa huko huko. Askofu wao, Fundanus, alitoa Maandiko yachomwe. Je, kundi lilitawanyika? Hapana. Kasisi Saturninus aliendelea kuwakusanya siku ya Bwana nyumbani mwa waumini, na watoto wake wanne walikuwa pamoja naye. Wakakamatwa watu 49, wanaume kwa wanawake, wakapelekwa Carthage mbele ya Anulinus yule yule, tarehe 12 Februari mwaka 304. Msomaji wao, Emeritus, aliulizwa kwa nini aliwaruhusu watu nyumbani mwake. Alijibu kwamba ni ndugu zake, hakuweza kuwazuia, na kwamba wao hawawezi kuishi bila ibada ya siku ya Bwana. Walipigwa, waliteswa, wakatupwa gerezani. Askofu alikuwa ameanguka, lakini kasisi na msomaji walisimama mahali pake, na watu wa kawaida wakasimama nao. Sisi tulio na wasomaji katika kila kanisa dogo la kijijini, ambao mara nyingi hawana mshahara wala gari, twafanya vema kumkumbuka Emeritus.

Sasa twafika penye ugumu. Mateso yalipopoa, kanisa lilitakiwa kuamua la kufanya na watoa vitabu. Mnamo mwaka 305 kikundi cha maaskofu wa jimbo la Numidia kilikutana Cirta ili kumweka wakfu askofu mpya. Mwenyekiti wao, Secundus wa Tigisis, akaanza kuwauliza mmoja mmoja: inasemekana wewe ulitoa vitabu, ni kweli? Mmoja akakiri, akaomba aachiwe Mungu. Mwingine akasema alitoa vitabu vya tiba tu. Ilipofika zamu ya Purpurius wa Limata, ambaye alisemwa kuwa aliwaua watoto wa dada yake, hakukana. Alimgeukia mwenyekiti, akamwuliza yeye mwenyewe aliachiliwaje na wakuu, kama hakuwapa kitu. Mwenyekiti akanyamaza. Mpwa wake akamnong'oneza kwamba akiendelea atabaki peke yake. Basi wakaamua kwamba mambo hayo wamwachie Mungu, wakaketi, wakaendelea na kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa kumweka wakfu Silvanus, yule shemasi mdogo wa taa ya fedha, awe askofu wa Cirta. Mashahidi walieleza baadaye kwamba waumini walipiga kelele kumkataa, wakisema ni mtoa vitabu. Wakafungiwa makaburini, na watu wa viwanja vya michezo wakambeba Silvanus mpaka kitini.

Mngedhani watu kama hao wangekuwa wapole kwa makosa ya wengine. Haikuwa hivyo. Mnamo mwaka 311 Caecilianus alichaguliwa kuwa askofu wa Carthage. Palikuwa na mama mmoja tajiri pale mjini, Lucilla, ambaye Caecilianus aliwahi kumkanya kwa desturi yake ya kubusu mfupa wa mtu aliyesemekana ni shahidi wa imani kabla ya kupokea Ushirika Mtakatifu. Mama huyo hakulisahau neno lile. Maaskofu wa Numidia wapatao 70 wakaja Carthage chini ya Secundus, wakatangaza kwamba Caecilianus si askofu, kwa sababu mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, ni mtoa vitabu. Mahali pake wakamweka Majorinus, mtu wa nyumbani mwa Lucilla. Baada yake akaja Donatus, na kwa jina lake kundi hilo likaitwa Wadonatisti. Karibu kila mji wa Afrika ya kaskazini ukawa na makanisa mawili, madhabahu mbili, na maaskofu wawili wasioamkiana, kwa muda wa miaka mia na zaidi.

Ukweli ulitoka polepole. Uchunguzi wa serikali, uliofanyika mwaka 314 na 315, ulionyesha kwamba Felix wa Aptunga hakutoa vitabu. Barua iliyomshtaki ilikuwa imeongezwa maneno ya uongo. Mwaka 320 Silvanus aligombana na shemasi wake Nundinarius, na shemasi akapeleka kila kitu mbele ya Zenophilus, mkuu wa jimbo. Zile kumbukumbu za tarehe 19 Mei zikasomwa mbele ya watu wote. Ikajulikana pia kwamba Lucilla alitoa mifuko 400 ya fedha, watu wakaambiwa ni ya maskini, nao maaskofu wakagawana. Mashahidi wakasema maskini hawakupata chochote. Mfua nguo mmoja alikuwa amelipa mifuko 20 ili afanywe kasisi, na Silvanus akapokea. Hata mapipa ya siki yaliyochukuliwa katika hekalu la mungu wa kipagani yalitajwa. Mtu akianza na taa ya fedha haishii hapo. Silvanus akapelekwa uhamishoni.

Hapa twasimama kidogo, maana swali moja hutujia mara kwa mara, kwa barua na hata barazani baada ya ibada. Mchungaji fulani alibatiza watoto, akafungisha ndoa, akaweka mikono juu ya vijana. Miaka michache baadaye inaonekana alikuwa akila sadaka, au anaishi maisha ambayo hatuwezi kuyataja redioni. Mama mmoja anauliza, je, mtoto wangu amebatizwa kweli? Swali hili si la wasomi. Anayeliuliza amelia usiku.

Wadonatisti walikuwa na jibu, na ni jibu lenye nguvu, tusilidharau. Walisema mtu hawezi kutoa asicho nacho. Aliyemsaliti Kristo hana Roho, basi maji yake ni maji tu. Aliyetoka kwa hao na kujiunga nao walimbatiza upya. Jibu hilo linavutia kila mtu aliyeumizwa na kiongozi. Ila lifuateni mpaka mwisho wake. Kama ubatizo wangu unasimama juu ya usafi wa moyo wa kasisi, nani ataniambia moyo wake ulikuwaje siku ile? Na aliyembatiza yeye je? Mngeuliza hivyo hivyo hata mfike Cirta, kwa Silvanus, na kwa kikao kile kilichosema tumwachie Mungu.

Mwaka 314 maaskofu walikutana Arles, katika nchi ambayo sasa ni Ufaransa. Na walikuwepo watatu kutoka Uingereza, mmoja wao wa London na mmoja wa York, jambo ambalo sisi Waanglikana twapenda kulikumbuka. Waliamua mambo mawili pamoja. Mtumishi ambaye kumbukumbu za serikali zinathibitisha kwamba alitoa vitabu, aondolewe katika huduma. Lakini wale aliowawekea mikono, kama wao wenyewe wanafaa, wasihesabiwe kuwa batili.

Aliyelieleza neno hili vizuri kupita wote ni Augustine, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, ambaye alikuja kuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba. Alifundisha kwamba anayebatiza ni Kristo. Akibatiza Petro, ni Kristo abatizaye; akibatiza Yuda, ni Kristo abatizaye. Akatoa mfano wa mfereji wa jiwe: maji yakipita humo, jiwe lenyewe haliotishi kitu, lakini bustani iliyo mbele hupata maji na kuzaa. Wakulima wenye mifereji watauelewa mfano huo upesi kuliko wahubiri. Basi mama, mtoto wako amebatizwa. Mwizi hakuwa mwenye mali. Zawadi ilikuwa ya Bwana.

Mafundisho hayo ndiyo yaliyo katika Makala 39 za kanisa letu, Makala ya 26: ubaya wa watumishi hauondoi kazi ya Neno na sakramenti. Wengi huishia hapo, na wachungaji wengine wanapenda sana tuishie hapo. Lakini makala hiyo ina sehemu ya pili. Inasema kwamba ni wajibu wa kanisa kuwachunguza watumishi wabaya, wanaoyajua makosa yao wawashtaki, na hatia ikithibitika kwa hukumu ya haki, waondolewe. Sehemu ya kwanza inamlinda mshirika. Haikuandikwa ili kumlinda mchungaji. Anayeitumia kufunika hesabu za kanisa anafanya vile vile walivyofanya wale wa Cirta walipomwachia Mungu kazi ambayo Mungu alikuwa amewapa wao.

Na sasa fungueni Ezekieli 34. Augustine aliihubiri sura hii kwa urefu, akiwaeleza watu juu ya wachungaji wanaonywa maziwa na kuvaa manyoya bila kulichunga kundi. Jambo la kupendeza ni kwamba alianza na nafsi yake. Alisema yeye ni Mkristo na pia ni kiongozi: Ukristo ni kwa faida yake, uongozi ni kwa faida ya watu, na ni kwa huo uongozi atakaotakiwa kutoa hesabu. Mwaka 411, maaskofu zaidi ya 560 wa pande zote mbili walipokutana Carthage kumaliza ugomvi, yeye na wenzake walitangaza mapema kwamba wako tayari kuviacha viti vyao ili kanisa liwe moja. Karibu wenzake wote walikubali. Twajiuliza ni halmashauri gani ya kanisa leo ambayo ingekubali.

Hata hivyo hatutamfuata Augustine kila mahali. Mwanzoni alitaka Wadonatisti wavutwe kwa hoja tu. Baadaye alikubali nguvu za serikali zitumike, faini na kunyang'anywa makanisa, akatafuta na maandiko ya kuunga mkono jambo hilo. Vizazi vingi vya watesi vilijifunika kwa jina lake. Mchungaji aliye mwema anaweza kushika fimbo isiyo yake, na kanisa liliumia kwa hilo kuliko yeye alivyoweza kujua.

Mwisho wa maisha yake uliletwa na Wavandali, walioingia Afrika mwaka 429. Askofu mmoja, Honoratus, alimwandikia kuuliza kama wachungaji waruhusiwa kukimbia. Jibu la Augustine linafaa kusomwa katika kila mkutano wa makasisi. Halikuwa jibu la ushujaa mtupu. Alisema, kama anayetafutwa ni mtu mmoja tu, na wako wengine wa kulihudumia kanisa, na akimbie, kama Paulo alivyoteremshwa ukutani katika kapu, na kama Athanasius alivyofanya. Lakini hatari ikiwa ni ya watu wote, nao hawana pa kwenda, basi wasiachwe na wale wanaowahitaji. Fikirini, alisema, watu wanapokimbilia kanisani siku kama hiyo, mmoja anataka ubatizo, mwingine maombi na maondoleo, mwingine kufarijiwa tu, halafu hakuna mtumishi.

Mwaka 430 Hippo yenyewe ikazingirwa. Augustine alikuwa na miaka 75, naye hakuondoka. Rafiki yake Possidius, askofu aliyekuwa amekimbilia humo mjini baada ya mji wake kuangamia, ameandika habari za siku zile. Mzee alihubiri mpaka ugonjwa ulipomlaza. Kisha akaomba Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, akazisoma huku akilia. Akafa tarehe 28 Agosti. Hakuandika wosia, asema Possidius, kwa kuwa alikuwa maskini wa Mungu na hakuwa na kitu cha kurithisha. Jambo moja tu alikuwa akiliagiza siku zote, kwamba vitabu vyote vya kanisa vitunzwe vizuri kwa ajili ya watakaokuja baadaye.